Paka wa Kalavati la Kitulo

Jumatatu, Iringa hadi Makambako

Tuliondoka Ipogolo jua limeshapanda, kwa sababu fundi wa springi alituahidi alfajiri, na mafundi wa springi wana alfajiri yao. Gari lilikuwa tupu: turubai, kamba, mafungu ya magunia, na utingo amejilaza juu ya magunia hayo, kofia imemfunika uso. Mbele tulikuwa wawili, dereva na mimi. Ninanunua viazi mviringo upande wa Makete na kuvipeleka Dar, na huu ulikuwa mwisho wa Machi, wakati viazi vya juu vinaanza kutoka na barabara za juu zinaanza kukataa magari.

Nguzo za Isimila tulizipita kama kawaida yetu. Kila safari dereva husema, "Siku moja tutaingia, dada," na kila safari tuna haraka. Mafinga tulikula mahindi ya kuchoma huku malori ya mbao yakipishana. Usiku tulilala Makambako. Upepo wa Makambako haumhitaji mtu wa kuueleza kwa aliyewahi kushuka pale usiku bila koti. Asiyewahi, abebe koti.

Jumanne, Makambako hadi Matamba

Mizani, Igawa, Rujewa, yote bila la kusimulia. Ukishuka kuelekea Usangu koti unalivua mwenyewe, na pembeni mpunga unakuwa kijani hadi macho yanachoka. Mchana tukawa Chimala, tukala wali na samaki kwa mama lishe mmoja karibu na barabara kuu.

Alipokuja kuchukua sahani alimuuliza dereva, "Baba, mnapanda juu?"

"Tunapanda, mama."

"Naomba mnisaidie kamzigo kangu. Nitawapa ya soda."

Kamzigo kenyewe kalikuwa gunia la sandarusi limefungwa mdomo kwa kamba ya katani, na lilikuwa linatembea lenyewe kwenye sakafu ya jiko. Utingo alicheka mpaka akapaliwa. Ndani alikuwa paka. Mama alisema amemvumilia mwaka mzima, sasa amefika mahali anafunua sufuria. Ameshatupwa sokoni akarudi kabla ya jioni. Ametupwa ng'ambo ya reli, akarudi asubuhi na njaa mpya. Sasa anataka atupwe kule juu kwenye baridi, ambako hata akikumbuka njia ataichoka.

Watu wengi tumekulia kwenye nyumba ambako paka mwizi huondolewa hivi. Anafungwa kwenye gunia asione njia, anavushwa mto, anaachiwa mbali. Kumuua watu wanaogopa, kumtupa hawaogopi, na mwenye gari la mzigo ndiye anayeombwa kwa sababu ndiye anayefika mbali.

Dereva alikataa. Si kwa huruma, alisema mwenyewe. "Mama, kona hamsini na saba mimi sipandi na paka kwenye gunia. Paka aliyefungwa ana kinyongo, na kinyongo kikiwa ndani ya gari kinatafuta breki." Mama akamwangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa mahubiri, akasema basi atamsubiri dereva asiye na dini nyingi.

Kona zenyewe ni kweli ni hamsini na saba, ndiyo maana barabara inaitwa hivyo. Gari linapanda ukuta wa mlima kutoka joto la Usangu, kila kona dereva anapiga honi na kusikiliza kama kuna anayejibu. Tupu inapandika. Na mzigo, mvua ikiwa imenyesha, mimi siwezi kumwambia dereva yeyote ashuke pale. Kurudi huwa tunazungukia Isyonje, tunatokea Uyole.

Matamba tulifika na ukungu. Chai ya maziwa, jiko la mkaa chini ya meza, kulala.

Jumatano, Matamba hadi kambi ya viazi

Tulianza safari saa mbili, na kwa saa nzima hatukuona chochote zaidi ya mita ishirini za udongo mwekundu mbele ya taa. Halafu ukungu ukanyanyuka kwa mara moja, na Kitulo ikawa mbele yetu.

Nimepita pale mara nyingi na bado siwezi kupita bila kufungua dirisha. Hakuna miti. Ni majani na maua hadi upeo wa macho, kwenye uwanda ulio juu zaidi ya mita 2,600: manjano, meupe, ya zambarau, yale mekundu yanayosimama kama fimbo, na okidi za rangi ambazo sina majina yake. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni kwa ajili ya mimea hasa, si kwa ajili ya simba wala tembo. Sababu mojawapo ilikuwa chikanda: viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako vinasagwa na kupikwa kinachofanana na andazi zito. Kwa mtu wa viazi kama mimi ni jambo la kufikirisha, kwamba kuna viazi unavyoruhusiwa kuchimba upande huu wa bikoni na vingine vinakufunga upande ule.

Dereva, ambaye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, alinionyesha mlima Rungwe kwa mbali kana kwamba ameujenga yeye. Nikamkumbusha kwamba Mtorwi, mlima wa huku huku Kitulo, kwa baadhi ya vipimo unausogelea na kuupita kwa mita moja: 2,961 kwa 2,960. Alisema aliyepima alikuwa Mkinga, mtu wa huku huku Makete.

Tulipokuwa tumeshaiacha njia ya Matamba na kuingia ile inayotoka Isyonje kwenda Makete, utingo akagonga bodi mara mbili. Hiyo ni ishara ya kusimama. Dereva alidhani kamba imedondoka.

"Angalieni kalavatini," utingo alisema.

Juu ya ukingo wa zege wa kalavati, pembeni mwa barabara, alikaa paka. Paka wa kawaida, wa kijivu chenye michirizi, mkia ameuzungushia miguu, anatutazama. Nyuma yake majani yanapepea hadi mbinguni. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na moshi, hakukuwa na ng'ombe. Ukimkuta paka buchani, gesti, kwenye ghala la mahindi, macho yako yanampita. Pale tulimkodolea sote watatu bila kusema, kama tumemkuta askari wa usalama barabarani katikati ya ziwa.

Dereva alikuwa wa kwanza kupata kauli. "Tuondoke. Huyu si paka."

"Ni nini sasa?"

"Dada, mnyama anakaa mahali hana shughuli, hana mwenyewe, hakimbii gari. Mimi sishuki."

Utingo alikuwa ameshashuka. Alikaribia kwa hatua, akichezesha vidole. Paka hakukimbia. Alinyanyuka, akanyoosha mgongo, akahamia upande wa pili wa ukingo na kukaa tena. Tulipomwona miguu tukajua kitu kimoja: yote minne ilikuwa na soksi nyeupe.

Wakati tunabishana, pikipiki ilitokea upande wa Makete na kusimama nyuma yetu. Alikuwa askari wa hifadhi, kijana, koti la mvua hadi magotini. Alianza kwa kutuambia haruhusiwi mtu kusimama na kushuka ovyo, akamaliza kwa kuzima pikipiki na kusimama nasi. Paka alikuwa anamfahamu. Hakumgeukia hata kidogo.

"Huyo nina wiki namwona," alisema. "Shume wa watu."

Dereva, kutoka ndani ya gari: "Si paka pori?"

Hapo askari alitupa somo ambalo sikulitegemea barabarani. Paka pori wapo katika nchi hii, na kwa mbali anamdanganya mtu yeyote, kwa sababu ndiye babu wa hawa wetu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, waliosogelea maghala ya nafaka ya wakulima wa kwanza wakifuata panya. Kumtofautisha kuna alama. Paka pori ana miguu mirefu, akikaa anakaa wima sana, mkia wake una pete nyeusi na ncha nyeusi. Na mgongo wa masikio yake una wekundu wa kutu. Hilo la masikio alilirudia mara mbili. Soksi nyeupe hana. Mwenye soksi katoka jikoni kwa mtu.

"Sasa mtamfanyaje?" nilimuuliza.

"Ng'ombe akiingia humu ana faini. Mbwa ana utaratibu wake. Paka, utamtoza nani?" Alionyesha majani kwa kidevu. "Mimi shida yangu si kwamba kakaa. Shida yangu anakula nini."

Akatuambia kuhusu mbayuwayu wa buluu. Ni ndege adimu, huja nyanda hizi wakati wa mvua kuzaliana, kisha hurudi upande wa Ziwa Viktoria. Hatagi mtini wala kwenye paa. Anataga kwenye mashimo ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa. Kwa paka, hiyo ni sahani iliyowekwa chini. Na kuna jingine: paka wa nyumbani akiachwa porini anapandana na paka pori, watoto wanakuwa mchanganyiko, na vizazi vikiendelea paka pori halisi anaisha bila kuuawa na mtu.

"Halafu hakimbii," aliongeza. "Hilo ndilo silipendi kabisa. Mnyama wa porini asiyemkimbia mtu, ama ana njaa, ama anaumwa."

Utingo alirudi kwenye magunia kimya. Nilichukua namba ya askari, kwa sababu barabara ile ukikwama unamhitaji mtu mwenye pikipiki, tukaendelea.

Alhamisi, kambini

Kuchimba, kuchambua, kupima. Sitaandika mengi kuhusu viazi. Anayenunua viazi anajua, na asiyenunua atachoka. Ila niseme moja. Mzee ninayemnunulia aliniuliza, kama anavyoniuliza kila msimu, "Mwanangu, nikushonee kilemba?" Maana yake lumbesa, gunia linaloongezewa juu mpaka linakuwa na kichwa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mimi ni mnunuzi, kwa hiyo pokeeni maoni yangu kwa tahadhari: lumbesa ni wizi wenye sindano na uzi. Nina mizani yangu, napima. Wenzangu wananiambia nawaharibia soko.

Jioni tulikaa kwenye moto na viazi vya kuchoma majivuni, nikamsimulia mzee habari za kalavati. Hakushangaa hata kidogo.

"Mwenye soksi? Huyo anajulikana. Ni wa kambi ya bondeni."

Kambi yenyewe haipo tena. Walikuwa watu waliokodi mashamba bondeni kwa misimu kadhaa, wakajenga vibanda vya turubai na stoo ya mbegu. Stoo ya mbegu ya viazi huvuta panya kama kilabu kinavyovuta wadeni, na wakaleta paka kutoka Makete mjini. Mwaka huu walihamia upande mwingine. Siku ya kupakia vyombo walimtafuta wakamkosa. Mzee alisema paka akiona vitanda vinafunguliwa anajificha, na mwenye gari hasubiri paka. Walipoondoka akarudi kwenye stoo tupu. Stoo ikang'olewa mbao na wapita njia. Basi akaifuata barabara, na pale kalavatini malori husimama kukaza kamba, matingo wanatupa mabaki ya wali.

Kwa hiyo hakutupwa na mama lishe wa Chimala wala na dereva asiye na dini nyingi. Nilikuwa nimeshaipanga hadithi hiyo kichwani, ikafia pale kwenye majivu. Na sijui kwa nini nilidhani mnyama anahitaji kutupwa ndipo aachwe. Wenye kambi waliondoka na kila kilichokuwa na bei, na mfanyakazi wao wa usiku hakuwa na bei.

"Mkimkamata nileteeni," mzee alisema. Paka wake wawili wamekufa mwaka jana. Jirani aliweka sumu ya panya, panya wakafia kwa mzee, paka wakala panya. Sasa panya wametawala stoo, na fuko nao wanamaliza viazi kwa chini. "Nitatoa debe la viazi kwa atakayemleta."

Utingo alikuwa amelala. Kwa debe la viazi aliamka.

Ijumaa, kambini hadi Uyole

Tulipakia hadi saa nne, tukafunga turubai, tukaanza kurudi na mzigo. Mpango wa utingo ulikuwa rahisi: dagaa mfukoni, gunia mkononi, akishamkamata paka anampa kondakta wa basi la Makete litakalopishana nasi, basi linamshusha kwa mzee. Dereva alisema hashiriki. Mimi nilisema tusimame dakika tano.

Paka alikuwepo. Alikula dagaa kwa adabu, moja moja. Utingo alipomfunika na gunia, adabu ikaisha. Sikuona vizuri kilichotokea. Niliona gunia likiruka, nikasikia utingo anamwita mama yake, halafu paka akawa ndani ya kalavati, macho mawili gizani, maji ya mvua yanapita chini yake naye kajibana kwenye kona kavu.

Mkono wa utingo ulikuwa na mikwaruzo mitatu. Ngozi ilichubuka, damu haikutoka. Yeye alitaka kufuta kwa mafuta ya gari, ambayo kwa matingo ni dawa ya kila kitu.

Askari wa pikipiki tulimkuta kwenye kituo chake mbele kidogo. Aliposikia tu, hakuuliza la pili. Alileta kipande cha sabuni ya mche na kumpeleka utingo kwenye bomba la tanki, akamsimamia kwa saa ya mkononi: dakika kumi na tano, maji yanatiririka, sabuni haitoki. Baridi ile, maji yale. Utingo alikuwa anatetemeka hadi meno yanasikika.

"Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake," askari alisema. "Paka anacho. Anajilamba makucha, mate yako pale. Virusi hivi ukisubiri dalili, umeshachelewa, hakuna dawa. Kabla ya dalili kuna chanjo. Mkifika Mbeya msipitilize."

Dereva alisema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaendesha bila kusema neno hadi Isyonje. Pale akasema, "Niliwaambia si paka." Uyole tuliingia usiku, mvua inanyesha.

Jumamosi, Mbeya

Asubuhi niliwaacha dereva na mzigo Uyole, nikaenda na utingo hospitali. Muuguzi aliandika, akauliza ameumwa na nini. Utingo, ambaye hubeba gunia la kilo mia bila kuomba msaada, alijibu kwa sauti ya chini: "Paka."

"Paka wa nani?"

"Wa kalavati."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Nikaingilia kueleza. Alichoma sindano ya kwanza, akaandika tarehe za zinazofuata kwenye kadi: siku ya tatu, ya saba, na ya mwisho baada ya hapo. Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililogeuza mambo yote: "Mnyama mwenyewe yuko hai? Kuna mtu anaweza kumwangalia?"

Alieleza kwamba kwa mbwa na paka kuna kipimo cha siku kumi. Mnyama akiwa na virusi kwenye mate wakati anapokuuma au kukukwaruza, yeye mwenyewe hatamaliza siku kumi bila kuugua na kufa. Akizimaliza mzima, hakukuambukiza, na chanjo zilizobaki zinaweza kusitishwa. Lakini lazima aonekane. Akiuawa au akipotea, mgonjwa anaendelea na sindano zote.

Nilimpigia askari nje ya mlango wa hospitali. Alisikiliza, akanyamaza kidogo.

"Dada, mimi jana jioni nimeomba mtego wa kumtoa."

"Usimtoe kwanza."

"Kwa hiyo nimlinde."

"Siku kumi tu."

"Ndani ya hifadhi. Paka." Akacheka kicheko cha mtu anayefikiria atakavyoliandika jambo hilo kwenye kitabu cha zamu.

Ugomvi wa gharama tuliumalizia Mwanjelwa kwenye chipsi. Dereva alisema yeye alikataza tangu Jumatano. Utingo alisema ameumia kazini. Nilisema kazi yake ni kukaza kamba, si kukamata paka wa debe. Mwisho nimelipa mimi, na debe la mzee, likija, ni langu.

Jumapili na kuendelea

Njiani kwenda Dar na baada ya hapo nilikuwa napata ujumbe kila jioni askari akifika penye mtandao. Nanakili ulivyokuja.

Jumapili: Yupo. Kakamata panya, sio ndege. Nimekagua.

Jumatatu: Yupo. Mvua kubwa.

Jumanne, siku ambayo utingo alichomwa ya pili Dar: Yupo. Mwambie mgonjwa asalimiwe.

Jumatano: Leo sijamwona.

Usiku huo utingo alinipigia mara nne. Alikuwa ameanza kuogopa maji, alisema, halafu ikabainika ni maji ya kuoga, ambayo hajawahi kuyapenda.

Alhamisi: Yupo. Alikuwa chini ya kalavati upande mwingine. Anakula vizuri.

Siku zilizofuata zilikuwa "yupo" tupu. Jumamosi utingo alichomwa ya tatu. Jumatatu, siku ya kumi, ujumbe ulikuwa mrefu: Mzima kabisa. Hatoki udenda, hapepesuki, kanenepa. Kazi ya daktari imekwisha, sasa naanza yangu.

Alimkamata keshoye kwa mtego wa sanduku na dagaa wa kukaanga, bila mkwaruzo, maana yeye alivaa glavu za kuchomea vyuma. Basi la Makete likambeba. Mzee alinipigia jioni ile, sauti imejaa malalamiko.

"Mwanangu, umeniletea shume gani huyu? Ni jike. Ana mimba."

Kunenepa kwenyewe ndiko huko. Nikampigia askari kumwambia, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliuliza tangu lini, nikasema nitajuaje. Akahesabu mwenyewe kwa sauti: paka hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, kambi ya bondeni iliondoka lini, kalavatini kafika lini, na shume wa karibu zaidi yuko kilomita ngapi. Hesabu hazikumpendeza. Pale uwandani, alisema, madume ya paka wa nyumbani hajawahi kuyaona. Ya paka pori ameyaona.

"Mwambie mzee wakizaliwa aangalie mgongo wa masikio. Kukiwa na wekundu anipigie kabla hajamgawia mtu."

Nilimfikishia mzee neno kwa neno. Alinyamaza, nikasikia anamweleza mtu pembeni, halafu akarudi kwenye simu.

"Sawa, nitaangalia. Wa kawaida nitawagawa kwa debe moja moja, stoo ziko nyingi huku. Ila mwenye masikio mekundu, mwanangu, bei yake tutazungumza."